Tuliumwa Pamoja, Akapona Yeye

Bwana asifiwe, kanisa! Itikieni vizuri, maana leo nimesimama bila kushikilia kiti.

Ndugu zangu, mnaikumbuka ile nyama choma ya kanisa kule Wheaton. Mimi na Dada Rehema wa kwaya tuliketi kwenye nyasi ndefu, tukatoka kila mmoja na kupe mguuni. Tulicheka! Mimi nimekulia Nandi, nimetoa kupe kwa vidole tangu utoto. Kwetu kupe ni shida ya ng'ombe. Tukawang'oa, tukawaponda kwa jiwe, tukarudi kwenye mbavu.

Kumbe kupe wa Maryland, hapa Marekani, ana ugonjwa wake, unaitwa Lyme! Homa ikatushika sote wawili, tukapewa dawa sote wawili. Halafu Rehema akainuka, mimi nikabaki. Viungo vinauma, kichwa kizito, uchovu wa kushindwa hata kukamua ndimu. Kazi yangu ya kutunza wazee Hyattsville ikanishinda.

Na kila Jumapili namwona Rehema pale mbele, anaimba, anaruka, kitenge kipya! Wivu ulinila kuliko ugonjwa, ndugu zangu. Alipotoa ushuhuda wa kupona mlipiga vigelegele, mimi nikauma meno. Mungu, tuliumwa pamoja, mbona umechagua mguu wake? Nilimuuliza hivyohivyo.

Rehema alisema virutubisho vimemjengea kinga ya mwili. Basi! Nikauliza kina mama, anameza nini? Mnajijua. Kila mmoja akaniletea chapati, na vidonge vyake ndani ya kifuko kisicho na jina. Zinki, vitamini, kitunguu saumu, uyoga, hata manjano niliyozoea kutia kwenye mchuzi! Nikavimeza vyote. Sikuomba nipone, niliomba nimpite Rehema.

Asubuhi moja binti yangu akanitazama akapiga kelele, "Mum, your eyes are yellow!" Macho yamekuwa ya njano! Akanikimbiza hospitali. Daktari akasema ini limeumia, na anashuku vile vidonge. Damu yangu ilipungukiwa vitamini D tu. Akanieleza kwamba uchovu wa Lyme huwakalia watu wengine muda mrefu, na hajui kidonge cha kuufukuza.

Rehema akaja kunitazama. Nikageukia ukutani. Nikasikia analia.

"Dada, sijapona," akasema. "Kwaya ikiisha nalala ndani ya gari, siwezi hata kuendesha. Nilishuhudia mapema mno, sasa naona haya kurudi nyuma. Na wewe nakuonea wivu! Wewe unaruhusiwa kulala. Unaletewa chapati. Mimi nimeshasema nimepona, nani ataniletea?"

Kumbe! Huyu niliyemwonea wivu alikuwa anatamani chapati zangu! Nikageuka, nikamshika mkono, tukacheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Wivu wote ukanitoka siku hiyohiyo, haleluya!

Ini limepona. Uchovu bado unanitembelea, lakini nimerudi kazini siku chache kwa wiki. Ndugu zangu, mtumainini Mungu, na kila kidonge mnachomeza mwonyesheni daktari. Na ukiwa bado unaumwa, sema bado. Mungu haaibiki.

Rehema ameniruhusu niseme haya, maana mwenyewe alishindwa. Dada yangu, shuka huko kwenye kwaya, njoo uketi. Nimekuwekea kiti hapa kando yangu. Na nyinyi wenye chapati, leteni za watu wawili.