Kishindo Kwenye Rekodi ya Mwalimu Eliudi

Kijiwe cha kahawa cha nyuma ya gereji, hapa Moshi mjini, hakina adabu hata kidogo. Ukikaa na shida yako kwenye lile benchi, kabla kikombe hakijapoa wameshaichukua imekuwa yao. Ndivyo yalivyomkuta Elifuraha, mrekodi wa harusi na kwaya, anayeitwa Maiki hata na mke wake. Asubuhi hiyo alikuja kanuna. Mwalimu Eliudi, aliyewafundisha yeye na wenzake wawili wa kijiweni kwaya ya watoto kule Kirua Vunjo, kesho alfajiri anahamia Dodoma kwa mwanawe. Kifua kimechoka, na huenda asiimbe tena. Jana Elifuraha alipanda kumrekodi akiwa kitandani, kwenye nyumba yake ya mbao. Sauti ilitoka, lakini chini yake kuna kitu kinagonga, du, du, du, mwanzo mpaka mwisho.

Aliweka simu katikati ya benchi, akabonyeza. Sauti ya Mwalimu ikatoka, nyembamba siku hizi, lakini tamu ileile. Vikombe vikatetemeka kidogo.

— Mmesikia huo uchafu? Elifuraha akauliza.

— Huo ni mtikisiko wa sakafu, akasema Isack, fundi bajaji, ambaye jina lake la kijiweni ni Shokapu. Hiyo maiki yako umeibana kwenye stendi kavukavu. Haina shokapu!

— Najua, kaka. Kuna kidude kinaitwa shokimaunti. Ni pete yenye mipira, maiki inaning'inia katikati, sakafu itikisike itakavyo. Usiku kucha nimechagua kwenye simu. Kuna nene, kuna nyembamba, kuna zinazouzwa na sponji ya kuzuia upepo. Mpaka ifike hapa, Mwalimu yuko Dodoma.

— Ya nini kuagiza? Nakutengenezea sasa hivi. Nakata tyubu ya baiskeli, nafunga kwenye ringi ya chujio, kazi imekwisha.

— Subirini kwanza, akaingilia Wilson. Huyu alibeba mizigo ya watalii mlimani mpaka magoti yakagoma, wakambatiza Kibo. Hamjajua kinachogonga, akasema, mnakimbilia dawa. Huyo ni ng'ombe. Zizi la Mwalimu limegusana na chumba.

— Ng'ombe wa Mwalimu waliuzwa zamani, Kibo.

— Basi maji ya mfereji.

— Maji yanagonga?

— Basi ni mlima wenyewe! Usicheke, Shokapu. Mimi nimelala kule juu. Ukiweka sikio chini unausikia unapumua.

— Mlima unapumua kwa kufuata wimbo? Acha fiksi, aisee!

— Sasa wewe una lipi?

— Mimi naning'iniza kitanda, akasema Isack, na hakuwa anatania. Springi nne za bajaji, kila pembe ya dari moja. Mwalimu anaimba akielea.

— Umuue mzee wa watu! Afadhali mimi nimpeleke kambi ya juu kwa machela, nimfunge kwenye hema, maiki niivalishe soksi ya sufu.

Elifuraha alicheka, lakini moyo ulikuwa unamuuma. Alikuwa na kaseti moja tu ya kwaya yao, nayo ilikwisha kwa kuchezwa, imebaki kuvuma. Alikumbuka Jumamosi za mazoezi, tope mpaka kwenye vifundo, ukungu umekaa kwenye migomba, na mke wa Mwalimu akiwachomea ndizi ili wasisinzie. Kibo alifukuzwa kila wiki kwa kucheka, na kila wiki alirudi akalia mlangoni. Hayo yote yamekwenda. Kilichobaki ni sauti ya mzee mmoja, na yeye, anayejiita fundi, ameiharibu.

— Weka tena, Kibo akasema taratibu.

Akaweka. Isack alifumba macho.

Ndipo akatokea Eunike, binti mkubwa wa Mwalimu, katoka kukata tiketi ya basi.

— Shikamoo dada, wakasema wote.

— Marahaba. Endeleeni, msizime.

Alisikiliza amesimama, mkoba begani. Hakuitazama simu. Alitazama chini ya benchi. Wimbo ulipoisha akauliza:

— Ni nani kati yenu anayepiga mguu?

Wote watatu walikuwa wameinua kisigino cha kulia, kimebaki hewani. Kanisa lao halikuwa na kinanda enzi hizo, na Mwalimu aliwafundisha kushika mapigo kwa kisigino, mpaka kikaingia kwenye damu. Elifuraha aliona aibu, na furaha ikampanda palepale. Jana aliketi kwenye ubao uleule uliobeba stendi, akagonga wimbo mzima bila kujijua.

— Ni mimi, dada. Nisamehe. Nitapanda leo nirekodi upya, nitavua viatu.

— Uvue viatu kwa nini? Jana ulipoondoka baba alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Elifuraha bado anachelewa mapigo."

Kibo alipasuka kicheko, kisha akajifuta macho kwa kofia.

— Anataka hiyohiyo aende nayo, Eunike akaendelea. Tena ameniuliza swali. Ati kule Dodoma, nani atampigia mguu?

Mwuza kahawa alikuja na birika, akaona nyuso zao, akapita. Isack alikuwa ameshaanza kukata ile tyubu. Akaiangalia mkononi, akaitupa chini ya bajaji.

— Leo nafunga gereji mapema, akasema. Tunapanda Kirua wote watatu. Na wewe Maiki, stendi uiweke palepale kwenye mbao, kavukavu. Ole wako nione mpira wowote.