Neno Lisiloandikwa Mlangoni

Sogezeni viti, wanangu, na wewe shemeji Penko uketi pia, maana nina maneno ya kuusia na pumzi niliyobakiwa nayo si ya kumwita mmoja mmoja. Zdravko, zima hiyo redio. Nevena, acha kunipangia mito. Mgongo wangu haujambo, tumbo ndilo lililotukutanisha hapa.

Nianze na mali, kwa kuwa mali huwagombanisha watu kaburi halijakauka. Nyumba hii ni ya Zdravko, aliyebaki nayo akaiezeka upya, pamoja na shamba la plamu la nyuma na mtambo wa kupikia rakia, pombe yetu ya plamu, ila kila msimu atamtengea dada yake fungu lake bila kuombwa. Ile nyumba ya ghorofani kule Plovdiv ni ya Nevena. Jiko la kuchomea pilipili hoho mtalitumia wote, na atakayeliharibu atanunua jingine. Mimi sidaiwi na mtu. Ninachodai nitakidai leo, na si fedha.

Sikilizeni sasa. Mmeniambia nina vidonda vya tumbo. Mlianza kuniambia hivyo plamu zikiwa maua, na sasa tumeshazichuma, nami nimekaa kimya nikinywa mtindi wenu. Nevena, ulimvuta daktari kando ukamnong'oneza, akarudi hawezi kunitazama usoni. Kisha mkabandua karatasi kwenye chupa za dawa. Wanangu, mwanamke aliyekwenda Brussels miaka ishirini kubishana na wenye viwanda juu ya bei ya vidonge hivi, mnamficha kwa kubandua karatasi? Navijua kwa rangi. Najua hata Mreno anavinunua kwa bei gani. Siku ile nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikaniishia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nitawaambia kwa nini haikunichekesha kwa muda mrefu. Baba yenu Lyuben alipougua mapafu ninyi mlikuwa wadogo. Daktari wake alimwambia shemeji yangu huyu, kwa kuwa naye ni daktari, naye akamwambia mama yao, na mama mkwe akakata shauri kwamba neno kansa lisiingie ndani ya nyumba, lisije likamuua mwanawe kabla ya siku zake. Mimi mkewe sikuambiwa. Lyuben mwenyewe hakuambiwa. Tuliambiwa ni baridi imemwingia kifuani. Basi akapanda miche ya plamu, hiyo hiyo mnayoichuma mpaka leo, akasema akipata nafuu atakwenda Ruse kwa dada yake, ambaye walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa kiwanja. Akafa kabla majani hayajapukutika. Dada yake alikuja akaongea na jeneza. Na wewe Zdravko, uliyekuwa ukiniuliza kila jioni baba aliacha neno gani kwa ajili yako, jibu ni kwamba hakuacha neno. Hakuna aliyemwambia kwamba wakati wa kuusia umefika.

Shemeji, miaka yote hiyo ulikuja hapa Krismasi nikakupakulia chakula bila kukutazama. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini ninyi hamkuficha maradhi yenu, mlificha ya mwenzenu. Leo nakusamehe. Sisemi ulifanya vyema. Nimewaona watoto niliowazaa na kuwalea mwenyewe wakifanya vilevile, kwa mapenzi yaleyale, basi nimejua haikuwa roho mbaya. Ilikuwa woga.

Jambo hilo la baba yenu ndilo lililonitoa darasani, nilikokuwa nikifundisha kemia, nikaanzisha chama cha wagonjwa katika chumba kimoja juu ya duka la mikate, na chama kikanifikisha Brussels. Kule, kwenye muungano wa vyama vya wagonjwa vya Ulaya, tulipigania mengi. Mashine za kupima matiti zifike hadi vijijini, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtu aliyepona asihojiwe na benki juu ya ugonjwa uliokwisha. Dawa iliyopo Vienna iwepo na kwetu Vidin. Lakini langu mimi lilikuwa moja, na kila kikao walijua nikinyoosha mkono nitasema nini: mgonjwa awe wa kwanza kuambiwa, kwa maneno anayoyaelewa, na kama hataki kujua, aseme kwa kinywa chake kwamba hataki. Marjatta wa Finland alishangaa kwamba jambo hilo linahitaji kupigiwa kura. Akaniambia, "Rayna, kwetu daktari anakwambia hata koti hujavua." Nikamjibu, "Kwetu, dada yangu, anaambiwa jirani kwanza." Akacheka mpaka akafuta miwani, kisha akapiga kura, na vyama vya nchi zote zilizokuwa mezani vikalipitisha.

Hotuba yangu ya siku ile aliiandika Nevena. Ilikuwa nzuri, watu wazima walilia. Sikulaumu, mwanangu. Kuandika ni rahisi pale ambapo aliyelala kitandani si mama yako.

Sasa kiti changu cha Brussels nacho ni urithi, na chama kimeniomba nitaje wa kunifuata. Nataka uwe wewe. Unazijua sheria, unajua lugha tatu, na hutishiki na mtu mwenye tai. Lakini sitapeleka kule mtu awaambie madaktari wa Ulaya nzima waseme jambo ambalo yeye ameshindwa kulisema katika chumba hiki. Usipoweza nitamtaja Tsvetan wa chama chetu. Tsvetan ni mvivu, na mikutanoni husinzia, ila mkewe alipougua alimketisha jikoni akamwambia.

Kuhusu mazishi, msinichoshe. Ngano ya kuchemsha ya kuwagawia waombolezaji isizidishwe sukari, Zdravko, mkeo huizidisha. Nguo zangu wapewe wanaozihitaji, si binamu zenu. Nililo na haja nalo ni lile tangazo la kifo lenye picha mtakalobandika mlangoni na pale kituo cha basi. Yasomeni yaliyopo sasa. Huyu kafa kwa ugonjwa mfupi, yule kwa ugonjwa mzito, mwingine ametutoka ghafla, naye kaugua miaka miwili, mtaa mzima ukipeleka supu. Langu lisiwe hivyo. Andikeni: Rayna Dobreva, mwalimu, amefariki kwa kansa ya kongosho. Na chini yake nataka mstari mmoja zaidi, lakini mstari huo mpaka sasa ni uongo, kwa hiyo ngojeni.

Nipe maji kidogo. Basi, yanatosha.

Nevena. Sema. Tazama dirishani ukipenda, lakini sema. Zdravko, usimsaidie. Hapana, si "ule ugonjwa", una jina lake. Futa pua, kisha useme. Tuna nafasi.

Nimesikia. Kansa ya kongosho. Na imeshafika kwenye ini.

La ini sikulijua.

Nipeni tena yale maji.

Mnaona, mimi niliyejifanya najua yote, kumbe lilikuwapo la kuambiwa. Basi ni majuma, si miezi. Nilikuwa nimepanga hadi Krismasi. Nilitaka kumwandikia Marjatta mwezi ujao. Mpigieni simu kesho asubuhi, nitaongea naye mwenyewe. Shemeji, ile rakia ya miche ya Lyuben niliyoizika chini ya ghala, ifungueni leo, tuinywe pamoja. Mimi nilambe tu. Nevena, njoo karibu, hapa. Umetazama dirishani, lakini umesema. Kiti ni chako.

Sauti inakwenda. Inamisheni vichwa. Mungu awape mkate na afya, awape wa kuwashika mkono siku zenu zikifika, na wasiwadanganye. Msigombane. Mpaka wa shamba... ukileta maneno, ung'oeni. Nikikata roho, mshumaa wa desturi mtanishikisha mkono wa kulia. Wa kushoto aushike mmoja wenu, yeyote.

Na ule mstari wa chini... Zdravko, andika sasa, si uongo tena. Herufi kubwa, wausome wanaongoja basi. Aliambiwa na watoto wake.