Fundi Aliyebaki na Ndoo

Ndani ya minibasi ya kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Gentille alimsikia fundi cherehani aliyeketi mbele yake akimweleza mama aliyekaa kando yake kwamba polisi wamemwandikia kosa la kufanya fujo, naye anakwenda kortini Lilongwe kulikataa.

"Bamama babili balikuwa banapigana kwa bomba ya maji. Mi niliingia katikati, nibatenganishe. Polisi alipofika, bote balikimbia. Mi njo nilibakia, nimeshika ndoo."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. "Si ukubali tu, papa, urudie ku mashini yako?"

"Nikubali uongo? Batoto yangu batasema nini?"

Gentille alitamani kumuunga mkono, lakini mazungumzo hayakuwa yake.

Minibasi iliposimama Lilongwe, mama, aliyekuwa anakwenda soko la Chilinde, alimnyooshea fundi kola. "Twende. Mi sikuona ile vita, lakini hautasimama pale kortini peke yako."