Kulwa wa Kangaga: Petronila Matiko, 1968–2025

Marehemu Petronila Kulwa Matiko alizaliwa Jumapili tarehe 9 Juni 1968 kijijini Butiama, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Matiko na Mama Pelagia. Robo saa baadaye nilizaliwa mimi, Yuliana Dotto, ninayesoma wasifu huu. Familia imenichagua kwa sababu wanasema hakuna anayemjua Kulwa kuliko pacha wake. Kuna mtu mmoja angebisha, naye yuko hapa hapa msibani. Nitamfikia.

Alisoma shule ya msingi Butiama kuanzia 1977 hadi 1983. Tulikaa dawati moja, tukatumia kifutio kimoja, lakini majibu yake aliyafunika kwa kiwiko. Mwaka 1984 alichaguliwa kwenda sekondari Musoma. Mimi sikuchaguliwa. Nililia siku tatu, na wazazi wakadhani namlilia pacha wangu kwa kuwa anaondoka. Ulikuwa wivu mtupu. Baadaye nilijifunza cherehani, nikahamia Bunda, ambako nashona hadi leo.

Mwaka 1990 marehemu aliajiriwa kuwa mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari mjini Musoma, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mitatu. Mwaka 2009 shule ilitupa tangi la samaki la kioo lililopasuka. Kulwa aliliziba kwa silikoni, akaliweka sebuleni, akatia furu wachache kutoka ziwani. Mwalimu wa baiolojia aliyekuwa anahama alimwachia kangaga za majini, mimea ya majani matupu isiyotoa maua, za aina mbili: moja ya kuelea juu ya maji, nyingine ya kushika kwenye jiwe. Hazikudai mbolea wala taa kali. Majani yenyewe yaliota vichipukizi pembeni, naye akavichuma na kuwagawia watu. Zilizozidi alizianika juani zikakauka, akazitia kwenye migomba. Alikataa kabisa zitupwe ziwani, akisema magugumaji yaliyopo yanatosha. Watani walimcheka: "Wenzake wanafuga ng'ombe, yeye anafuga majani!"

Tarehe 12 Novemba 1994 alikuwa amefunga ndoa takatifu na Onesmo Mseti, fundi wa injini za boti kwenye mwalo wa Mwigobero. Walijaliwa watoto wawili, Brian na Bhoke. Shemeji Onesmo sikumwonea wivu hata siku moja. Wivu ulianza upya mwaka 2012, Brenda, muuza dagaa, alipohamia nyumba ya jirani yao. Brenda alipewa kangaga, zikastawi mpaka beseni likafunikwa lote. Halafu akaanza kumwita Kulwa "pacha wangu". Alimwita hivyo mbele yangu, nami nimekaa pale pale na sura ile ile.

Nami niliomba kangaga. Kulwa alinipa kipande cha ile ya kushika jiwe, ndani ya kopo la maji. Nilikifikisha Bunda salama, nikakipanda kwenye tangi dogo la samaki nililonunua, kama mama alivyotufundisha kupanda kila kitu: mzizi chini, mchanga juu, nikashindilia. Kikaoza. Cha pili kikaoza, na cha tatu pia. Nikakata shauri kwamba mimi ananipa vibovu, vizima anampa Brenda. Tangu Pasaka ya 2023 sikukanyaga tena nyumbani kwake.

Oktoba 2024 Kulwa aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Habari nilizipata. Nikasema, si Brenda yupo? Nilikwenda Septemba mwaka huu, alipolazwa Musoma, nikamkuta Brenda kando ya kitanda chake na chupa ya uji. Nilingoja atoke, nikauliza lililonikaba zaidi ya miaka miwili.

"Kulwa, mbona mimi ulinipaga mbovu?"

"Uliipandaje?"

"Nilifukia, sasa ningefanyaje?"

Alicheka hadi akakohoa. "We Dotto! Ile haizikwagi. Mzizi wake unaufunga na uzi kwenye jiwe, unauacha nje. Ukiufukia unaoza."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia mara zote tatu. Ulikuwaga unamwangalia Brenda tu. Na ule uzi mweusi niliokuwa nakuombaga, ulidhani ni wa nini?"

Nilidhani anamshonea Brenda gauni. Nilipomwambia, alicheka tena, nami nikashindwa kumtazama usoni. Kisha akanishika mkono. "Ukiandika habari zangu, Brenda umweke kwa ndugu. Usimpeleke kwa majirani. Nakujuaga, wewe." Nikamjibu sawa, huku moyoni nasema tutaona.

Nilikwenda kila wiki baada ya hapo. Petronila alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa njiani kutoka Bunda. Maneno yake ya mwisho aliyasikia Brenda, akanieleza yote bila kuficha hata moja. Nilimshukuru, lakini jambo hilo bado limenikaa kooni, na hata leo tunapomzika hapa Kiriba, nyumbani kwa mumewe, halijashuka.

Marehemu ameacha mume, Onesmo, watoto, Brian na Bhoke, wajukuu watatu, na ndugu, ambao ni kaka zetu Abednego na Nicolaus, mimi pacha wake, na Brenda. Mchapaji wa ratiba hii ya mazishi mliyonayo mkononi aliniuliza mara mbili kama jina la Brenda limekosewa mahali. Nikamwambia aliache hapo hapo.

Shada la ndugu tutalibeba wawili, mimi na Brenda. Yeye atashika upande utakaoelekea miguuni pa kaburi. Upande wa kichwani ni wangu, na hapo nisibishiwe.

Bwana ampe Kulwa wetu pumziko la amani.