Fransiska Kapele na Makala Yenye Majina Saba

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Alfonsi, kaka wa marehemu. Familia imenituma kusoma haya, nami nitayasoma yote.

Fransiska Isdori Kapele alizaliwa Kaengesa tarehe 4 Machi 1981, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Isdori na mama Lydia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, sekondari Sumbawanga, na mwaka 2006 akahitimu shahada ya hisabati. Alirudi kufundisha katika chuo kimoja hapa mjini. Mwaka 2010 alifunga ndoa na Tadei, mkulima wa Pito, na Mungu akawajalia Edith na Elia.

Kazi aliyoipenda ilikuwa programu ya kompyuta aliyoianza mwaka 2014. Ilisoma makala za utafiti na majina ya walioziandika, kisha ikabashiri ni watafiti gani wasiojuana wangefaa kufanya kazi pamoja. Programu nyingine ziliwapendelea wenye majina makubwa. Yake ilimwona hata mtu wa Namanyere mwenye makala moja tu kuhusu zao la ulezi. Mama alipomuuliza hiyo ni kazi gani, alijibu, "Ushenga, mama. Nawatafutia wasomi wachumba." Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini.

Mwaka 2022 makala kuhusu programu hiyo ilichapishwa ng'ambo ikiwa na majina saba. La kwanza lilikuwa la Dakta Felisian, msimamizi wake chuoni. La Fransiska halikuwemo. Alipompigia simu, aliambiwa, "Wewe ulisaidia mambo ya ufundi tu."

Miaka minane. Ufundi tu.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kizazi. Fransiska akiwa kitandani, Dakta huyo alimwandikia: programu imeanza kuwaacha watafiti wenye makala chache, amsaidie. Tulimkataza. Mimi mwenyewe nilimnyang'anya kompyuta. Akaniambia, "Kaka, wanaoachwa si yeye." Nikamrudishia. Alirekebisha kwa siku nne, anatapika, anaendelea. Hata asante haikuja.

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025.

Leo asubuhi limeletwa shada la maua lenye kadi: "Kwa msaidizi wetu mpendwa." Kadi mama ameichana. Shada limerudi na aliyelileta.

Ameacha mama, mume, watoto wawili, ndugu wanne, na madaftari tisa ya hesabu za programu ile, kwa mwandiko wake. Yako kwangu. Jumatatu nayapeleka chuoni.

Fransiska apumzike kwa amani. Sisi bado hatujapumzika.