Siku ya Tatu Bila Saksafoni

Benchi letu liko kwenye kona, limeegemea ukuta wa kibanda cha Kinyozi, na mimi nauza kahawa hapo tangu meno yangu yalipokuwa yangu. Ng'ambo ya barabara, hatua ishirini tu, uko mlango wa kijani wa Mama Saksafoni. Miaka tisa ametuamsha: kila saa moja asubuhi anapuliza sauti moja ndefu mpaka unajiuliza ana mapafu mawili au manne. Wiki iliyopita tukachoka. Mstaafu, aliyekuwa karani, akaandika barua ya malalamiko, tukatia sahihi watu saba. Mimi niliandika jina langu kwa herufi za darasa la pili, likala mistari miwili. Barua ikapelekwa Jumapili. Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Leo Jumatano.

— Raha iliyoje, akasema Kinyozi akifuta wembe. Wateja wangu hawashtuki tena wembe ukiwa shingoni. Barua imefanya kazi.

— Barua yangu, akasema Mstaafu.

— Yako kwa wino. Wazo langu.

— Siku tatu hata dirisha halijafunguliwa, nikasema.

— Bibi, wewe nawe, akasema Kinyozi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Sasa likinyamaza? Limejaa. Mama kapata pesa.

— Za wapi?

— Ng'ambo. Kuna watu huko wanasaka santuri za zamani kama dawa. Wamemtumia tiketi ya ndege.

Meneja akaguna. Huyu hajawahi kusimamia hata kuku. Tunamwita hivyo kwa sababu ujanani alikuwa akichana tiketi kwenye ukumbi wa dansi, ule ule alikopiga Mama Saksafoni na bendi yake ya jazi.

— Santuri gani? Jalada la santuri ya bendi yao lina picha ya mwanaume.

— Mwanaume gani tena?

— Wa mashavu. Nyie hamjui kitu. Yule mama aliajiriwa kuimba na kutikisa kiuno. Siku moja mpiga saksafoni kalewa, kalala nyuma ya spika. Binti akaiokota, akapuliza. Watu wakaacha kucheza, wakasimama na majasho yao. Mkuu wa bendi akaona hii ndiyo riziki, ila mwanamke na saksafoni mdomoni, watu watasemaje? Akamweka nyuma ya pazia. Miaka miwili binti anapiga nyuma, mwanaume mbele anatuna mashavu.

— Na hakuna aliyejua?

— Mimi nilijua. Tiketi zikiisha, nilikuwa navuta pazia.

Kinyozi akacheka peke yake, kisha akaacha.

— Ukamwambia nani? nikamuuliza.

— Bibi, nilikuwa na kazi yangu. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake.

— Kamba ilikuwa mkononi mwako, mjinga wewe.

— Baadaye si alitoka mbele? Aligombana nao mpaka wakamtoa pazia. Lakini bendi ilikuwa inakata roho. Miaka sita anapigia viti vitupu, gauni lile lile, akimaliza anaviinamia. Akaondoka na saksafoni na kifua kibovu.

— Basi ndiyo hivyo, akadakia Mstaafu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ikulu wamemkumbuka, wanampa nishani. Wale hawapigi honi. Wanakuja alfajiri na gari la vioo vyeusi, wewe umelala.

— Kandambili zake ziko mlangoni, nikasema.

— Mtu ataingia Ikulu na kandambili?

— Na taa ya barazani inawaka mchana kweupe tangu Jumatatu.

— Mwenye nishani atajali umeme?

— Tena nishani ndogo, akasema Kinyozi. Mimi naona wanamfanya balozi. Balozi lazima ajifunze kunyamaza kwanza.

Nikamimina kahawa. Nilitaka kuwatukana, lakini na mimi niliwekea ile barua jina langu, na hatua ishirini zile sikuwa nimezipiga.

— Mstaafu, ulipompelekea barua alisema nini?

Mstaafu akatazama kikombe chake.

— Aliisoma amesimama mlangoni. Akauliza saa ngapi anaruhusiwa. Nikamwambia barua haikutaja saa. Akasema asipopuliza asubuhi kifua kinaziba, hapati pumzi.

— Ukamjibu nini?

— Nikamwambia ajaribu maji ya moto.

Meneja akakohoa. Ndipo akaja mwanamke wa makamo, mrefu, begi moja begani, vidole vyenye sugu.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu.

— Namtafuta dada yangu mmoja, mpiga saksafoni. Nilipiga gitaa la besi kwenye bendi yake miaka ya mwisho. Kila jioni tunaongea kwa simu. Leo siku ya tatu inaita tu.

Tukamwonyesha mlango wa kijani, wote wanne kwa mpigo.

— Ila kasafiri, akasema Kinyozi.

— Yuko Ikulu, akasema Mstaafu.

Yule mgeni akatazama kandambili. Akatazama taa. Akatugeukia.

— Nani kati yenu amebisha hodi?

Kinyozi akaanza kukunja taulo ambalo lilikuwa limekunjwa. Meneja akawa anatafuta kitu mfukoni. Mlangoni pale ungeulizwa umefuata nini, na sisi tulishajibu kwa maandishi, watu saba.

Hakutungoja. Akavuka. Tukamsikia: hodi. Hodi, dada. Ni mimi. Hodi. Akagonga kwa kiganja, akagonga kwa ngumi, akapiga magoti na kuweka sikio chini ya mlango, pale penye mwanya. Akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka hakupaza sauti.

— Leteni nyundo.

Benchi lilikuwa na wanaume watatu wazima, na nyundo nikaenda kuitafuta mimi.