Kanuni ya Asante

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na jana jioni Karani alikuja kukaa hapo uso umemshuka. Anafanya kazi ofisi ya kutengeneza lifti. Wapo wanne kwenye sanduku moja la barua pepe, na zamani kila mmoja alidhani mwenzake ameshajibu. Basi Karani akaiwekea kompyuta kanuni: barua yenye neno "mkataba" iende kwa mkubwa, yenye "imekwama" iende kwa mafundi, yenye "asante" iingie jalada la Yaliyokwisha. Aliyeshukuru ana shida gani tena? Ofisi nzima ilimsifu.

— Leo asubuhi nimelifungua hilo jalada, akasema. Kuna mama wa ghorofa ya sita, magoti yanamsumbua. Ameandika mara saba. Kila barua inaanza, "Asante kwa kazi yenu, wanangu." Halafu ndipo anasema lifti haipandi.

Mimi niliona aibu, maana na mimi nina tabia ya kumsikiliza kwanza anayefoka.

Kesho yake Karani alitakiwa amweleze mkubwa wake: kanuni zizimwe au zirekebishwe, na kazi yake ilitegemea jibu hilo. Kinyozi akaona jambo jepesi. Anayeshukuru zaidi ya mara mbili ana lake rohoni, apelekwe mbele. Mwenzetu wa benchini tunayemwita Msemaji, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akakataa katakata: wajanja watashukuru mara kumi. Yeye alitaka kanuni ya pili iichunge ya kwanza, na ya tatu iichunge ya pili.

— Na hiyo ya tatu ataichunga nani? Kinyozi akamuuliza.

— Ya nne.

Kufikia kikombe cha tatu cha kahawa tulikuwa tumeshabuni mtambo wa kupima upole wa mtu, ukizidi kiwango king'ora kilie ofisini. Karani anaandika yote kwenye simu, masikini, hata hacheki.

Dada mshonaji wa duka la pili alikuwa amekuja kwa kinyozi kuazima mkasi, akasimama kutusikiliza.

— Samahani kaka zangu, akasema. Huyo mama sasa hivi yuko juu au yuko chini?

Tukamgeukia Karani.

— Barua zake nimezihamishia jalada la Haraka, akajibu taratibu. Zote saba.